Fimbo ya Pili ya Drumasool

Drumasool, karibu na Kilfarna
Jumapili, 3 Desemba 1978

Shangazi yangu Attracta,

Nakuamkia kutoka jikoni kwenu kulekule ulikozaliwa, moto unawaka na mvua inapiga dirisha kama mtu anayetaka kuingia. Baba hajambo. Anakula mayai mawili kila asubuhi, kisha analalamika kuwa kuku wa siku hizi hawana bidii. Nuala mke wangu anakusalimu sana, anashukuru kwa kitambaa cha meza, ingawa Baba amekataa kula chakula juu yake kwa madai kuwa ni kizuri mno. Magoti yako je? Na mjukuu wako ameacha kutembea na yule mvulana mwenye pikipiki?

Sasa nije kwenye habari yangu. Shangazi, nimepatwa na wazimu, na wazimu wenyewe ni ile reli yenu. Wanafunzi wangu waliniuliza kwa nini barabara ya shuleni ina daraja na chini yake hakuna mto. Nilipowajibu kwamba treni ilipita hapo, walicheka! Mwisho wa reli ni mwaka niliozaliwa mimi, na tayari imekuwa hadithi. Basi kila Jumamosi navaa viatu vya mpira na kuifuata kwa miguu, maili zote sita hadi Kilfarna. Huwezi kuamini ilivyotawanyika. Geti la Maguire ni vipande vya reli. Behewa la daraja la pili limekuwa banda la kuku kwa mama mmoja kule Corrabeg, na kuku wanalala kwenye viti vya ngozi! Jukwaa la stesheni yako bado lipo chini ya upupu, refu na zima kabisa. Nilisimama juu yake nikajiona nimechelewa treni.

Parokia inataka kijitabu, na mwandishi ni mimi. Vilevile watasimamisha jiwe pale stesheni tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, kuwakumbuka waliokufa treni mbili zilipogongana siku ya Mtakatifu Martin, 11 Novemba 1924. Majina matatu ya abiria. Jina la dereva, Hubert Quilty, kamati imekataa. Unajua mwenyewe jinsi watu wanavyosema hapa: Quilty aliyejichongea fimbo ya uongo ili asisubiri ile ya kweli. Baba ndiye atakayevuta kitambaa kulifunua jiwe, kwa heshima ya babu Thady aliyekuwa stesheni masta, na aliyewatoa watu kwenye mabaki kwa mikono yake.

Fimbo ya kweli bado inaning'inia hapa juu ya moto. Ninapoandika naiona, na pete yake ya shaba, na majina ya stesheni mbili yaliyochongwa ubavuni. Njia ilikuwa moja tu, hivyo fimbo moja, treni moja; dereva asiyeishika haingii njiani. Nawafundisha watoto hivyo na wanapenda mno.

Ulikuwa na miaka kumi na saba siku ile. Niandikie unachokumbuka, hata kidogo.

Mtoto wako,
Malachy

*

Worcester, Massachusetts
29 Desemba 1978

Mwanangu Malachy,

Barua yako ilinikuta nimefungiwa na theluji hadi dirishani, miguu ndani ya beseni la maji moto. Magoti ni yaleyale, la kushoto hutabiri theluji na la kulia hutabiri wageni. Mvulana wa pikipiki ameachwa. Amekuja mwingine asiye na pikipiki wala kazi. Mwambie Nuala kitambaa cha meza ni cha kuchafuliwa, na mwambie kaka yangu Dominic nimesema mimi.

Umenichekesha na kuku wa daraja la pili. Sisi wenyewe tulikaa daraja la tatu.

Kuhusu ajali, sina la kukupa. Siku ile nilikuwa mgonjwa kitandani, homa kali, sikuona wala kusikia. Wiki tatu baadaye nilikuwa kwenye meli kuja huku. Kwa hiyo andika reli yako mwanangu, andika madaraja, andika mageti, andika kuku, ila ya ajali waachie waliokufa. La kuvunda halina ubani. Na nakuomba jambo moja, nalo ni kwa ajili ya amani ya nyumba: usiende kwa akina Quilty. Yule binti yake Delia alikuwa na miaka tisa tu, atakwambia nini? Utamtonesha kidonda bure.

Baba yako anakohoa? Usimwache atoke bila kofia. Mpe mayai matatu.

Nakupenda kama nilivyokupenda kabla sijakuona,
Shangazi yako Attracta

*

Drumasool
11 Februari 1979

Shangazi,

Sote wazima. Baba hakohoi. Ng'ombe mmoja amezaa. Salamu zimekwisha, nisamehe, nataka niiwahi posta kabla hawajagoma, maana wanasema wiki ijayo hawatagusa hata stempu.

Nimekwenda kwa Delia Quilty. Najua ulinikataza. Anaishi peke yake kwenye kile kibanda cha mlinzi wa geti la reli, maili moja kutoka kwetu, na huu ni mwaka wa arobaini na nne mimi naishi jirani naye bila kuvuka kizingiti chake. Nilichukua fimbo yetu ukutani nikaifunga kwenye gazeti, nikamwambia nataka kuzipiga picha zote mbili pamoja, ya kweli na ya uongo. Ndivyo nilivyosema, Shangazi! Nilisema maneno hayo mbele ya uso wake.

"Na wewe ni mwalimu," akaniambia. "Nani aliyekufundisha ipi ni ipi?"

"Mahakama ya uchunguzi, Miss Quilty."

"Aa. Mahakama. Kaa basi, chai haina kosa."

Akaingia chumbani akarudi na fimbo imeviringwa kwenye shuka ya kitandani. Waliitoa kwenye mkono wa baba yake, baadaye wakamrudishia mama yake kama mtu anavyorudishiwa takataka yake. Shuleni walimwita Delia Fimbo Mbili. Dukani watu waliacha nafasi kati yao na yeye kwenye foleni. Aliniambia hayo yote huku akinipakia siagi kwenye mkate wa magadi, bila kupandisha sauti.

"Baba yangu alikuwa hawezi kuchonga hata kijiko," akasema. "Mama alimsema kila siku kwa hilo. Mguu wa kiti ukivunjika, sisi tulikalia magogo. Lakini nani angemuuliza mjane?"

Niliziweka mezani sambamba. Urefu mmoja, majina yaleyale, upande uleule. Kisha nikaitazama pete ya fimbo yake. Pete ya kwetu ni laini kabisa. Ya kwake imekwanguliwa kwa tupa, lakini ukiiinamisha kwenye mwanga unaona mabaki ya majani ya mzabibu yakizunguka.

Shangazi, mimi nalala na majani hayo. Kila asubuhi nikifumbua macho nayaona. Kitanda cha shaba cha bibi kina nguzo nne na pete tatu! Tangu utotoni niliambiwa ya nne iliibwa na wasafiri wa mikokoteni.

Nikamwomba pete niende kuipiga picha kwenye mwanga mzuri. Ilikuwa imelegea, akaivua akanipa. "Irudi," akasema, basi. Nikafika nyumbani, nikapanda chumbani, nikaiteremsha juu ya nguzo ya nne. Ikakaa. Haikutikisika hata unywele.

Sijamwambia Delia. Sijamwambia Baba. Nimeirudisha pete jana nikashindwa kumtazama machoni, nikamdanganya kwamba picha haikutoka vizuri. Ninaona aibu ambayo sijawahi kuijua. Fimbo ile ilitoka ndani ya nyumba yetu. Sisi ndio tulioichonga, na mtu amezikwa miaka hamsini na minne na kosa letu kifuani mwake.

Nakuuliza, na nakuomba kwa jina la bibi: ulikuwa kitandani kweli siku ile?

Malachy

*

Worcester
1 Machi 1979

Malachy,

Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikaisoma tena. Huku wote hawajambo. Theluji imeyeyuka, ua umejaa matope.

Sikuwa kitandani. Hakukuwa na homa yoyote. Nilikudanganya kama nilivyofundishwa kudanganya, na nimedanganya kwa muda mrefu hata homa yenyewe naikumbuka.

Ilikuwa siku ya mnada Kilfarna. Siku za kawaida treni ya kwanza ilitoka kule kuja kwetu na fimbo ilikuja nayo. Siku za mnada Quilty alianzia kwetu, saa mbili asubuhi, na fimbo imelala Kilfarna, kwa hiyo lazima mtu aifuate kabla ya kupambazuka. Siku ile haikufuatwa. Baba alinipa ile nyingine akaniambia nimkabidhi Quilty, kwa sababu yeye alikuwa mlangoni anachinja jogoo wa Mtakatifu Martin, damu hadi viwiko. Kwetu jogoo huchinjwa asubuhi yenyewe na damu inapakwa kizingitini, unajua. Simu ya stesheni ikalia. Nikamwita. Akasema, "Iache ilie, nitaipaka damu yote." Ikalia mara tatu.

Ile simu ilikuwa ya Kilfarna. Walitaka kusema wanaleta mabehewa matupu ya ng'ombe mapema, badala ya saa nne. Hawakupata jibu wakayaruhusu, kwani fimbo ya kweli walikuwa nayo wao, na mwenye fimbo haombi ruhusa.

Nilitoka jukwaani nikampa Quilty fimbo mkononi. Akaipokea, akapanda, akaondoka. Mlio wa kugongana tuliusikia tukiwa tunanyonyoa yule jogoo.

Dereva wa mabehewa aliruka akapona. Baba alisimama mbele ya mahakama akaapa kwamba hakumpa Quilty kitu. Shahidi pekee nilikuwa mimi, nikanunuliwa koti jipya na tiketi ya meli. Nilifurahi, Malachy. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilidhani wananipenda kuliko wote. Hadi katikati ya bahari ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nafichwa.

Usiniulize nani aliichonga. Hilo tu niachie.

Attracta

*

Drumasool
22 Aprili 1979

Shangazi,

Barua hii anakuletea Padri Hanratty mkononi, anakuja Boston kwa dada yake mgonjwa na atarudi katikati ya Juni. Posta bado wamegoma. Mwezi wa tatu sasa hakuna anayepata barua nchi nzima, hata ya deni. Pasaka ilipita vizuri, Nuala alioka keki, Baba alikula nusu.

Sijui kama uliniandikia au ulinyamaza. Nilisubiri, kisha nikachoka kusubiri. Nimechukulia kwamba umenyamaza, na kunyamaza kwako ni jibu tosha. Nimeandika kwenye kijitabu kwamba fimbo ya uongo ilichongwa na babu Thady kwa mikono yake, kwa hila, akampa Quilty akijua, kisha akala kiapo cha uongo. Wanakamati wameyasoma maandishi. Mwenyekiti alikaa na karatasi mkononi kama amepewa nyoka. Hawajaamua chochote kuhusu jina.

Nilimwambia Baba mezani, mbele ya Nuala. Nilimwambia baba yake alikuwa muuaji na mwongo, na mimi sitamfichia. Maneno yalikuwa makali, nakiri. Baba aliweka kikombe chini, akavaa kofia, akatoka. Tangu siku ile hanisemeshi. Anakula kwenye ngazi za nyuma na mbwa. Nadhani anamwonea uchungu mzee wake, najisemea acha aone uchungu, Delia ameuona tangu ana miaka tisa.

Sijapata ujasiri wa kumwambia Delia.

Malachy

*

Worcester
Jumapili ya Pentekoste, 3 Juni 1979

Malachy mwanangu,

Padri amekunywa chai yangu, amesifu mapazia, na sasa amesinzia kwenye kiti akinisubiri nimalize. Barua yangu ya Machi imo kwenye gunia huko Dublin. Ikifika utajua sehemu yangu. Lakini hii siwezi kuiachia gunia.

Umeniua. Umemtaja baba yangu kwa jambo ambalo hakulifanya, na umemtajia mtu ambaye alilifanya.

Baba aliapa uongo, hilo ni lake na ameshalijibu kwa Mungu. Lakini hakuchonga. Mwenye kazi ya kuifuata fimbo Kilfarna siku za mnada alikuwa Dominic, kwa baiskeli, maili sita kwenda na sita kurudi gizani. Na mnada ule uliangukia siku ya Mtakatifu Martin, siku ambayo gurudumu halizunguki kwetu, ni mwiko. Mama hakusokota uzi, hakuna mkokoteni uliotoka uani, hata toroli liliegemezwa ukutani. Treni ilikuwa ya kampuni na kampuni haikuwa na mtakatifu, lakini baiskeli ilikuwa ya kwetu. Mama alisema akiipanda siku ile ataletwa nyumbani amebebwa. Kwa miguu angelazimika kutoka usiku wa manane. Alikuwa na miaka ishirini, mvivu wa kuamka, na fundi wa kisu. Wiki nzima kabla alikaa kwenye banda la makaa ya stesheni akichonga. Alimwonyesha Baba kama mchezo, Baba akacheka, kisha akaacha kucheka akasema mara hii moja tu, maana njia itakuwa tupu hadi saa nne. Mimi nilishika taa Dominic alipokuwa akiing'oa pete kitandani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ni baba yako, Malachy. Yule anayekula na mbwa.

Angefungwa. Ndiyo maana mzee aliapa, ndiyo maana mimi niko huku, ndiyo maana wewe ulizaliwa. Nilinyamaza kwa ajili ya kaka yangu, na baadaye kwa ajili yako. Sasa fanya unavyoona. Ila usimwache mzee nje kwenye ngazi, baridi ya asubuhi itamwingia kifuani.

Attracta

*

Drumasool
19 Agosti 1979

Shangazi,

Barua zote mbili ninazo, ya padri iliyofika Juni na ya gunia iliyofika Julai. Nuala hajambo, ndama amekua. Baba yu hai. Nakwambia hivyo kwa sababu kuna siku nilidhani hatakuwa.

Niliposoma ile ya Juni nilikwenda kwenye ngazi nikakaa upande wa pili wa mbwa. Nilikuwa nimemtukana mtu usoni kwa dhambi yake mwenyewe bila kujua ni yake!

Yeye ndiye aliyeanza. "Amekuandikia?"

"Ameandika."

"Nilikuwa nasubiri uniulize tangu nilipokuona unapima pete. Mlango ulikuwa wazi. Halafu ukaja na jina la babu yako, nikaona, Mungu wangu, hata sasa nimepata mtu wa kubebeshwa kosa langu."

"Ulitaka nijue, Baba?"

"Nilitaka mtu aniulize. Miaka hamsini na minne hakuna aliyeniuliza."

Alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata bibi alipokufa. Nami nililia, nikiwa nimemkasirikia hivi kwamba nilitaka kumpiga. Yote mawili kwa pamoja.

Alivaa suti ya kanisani tukaenda kwa Delia. Hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi, baiskeli, gurudumu, kisu, pete. Delia alisikiliza huku akitazama nje. Baba akamaliza kwa kumwomba ruhusa alichonge jina la Hubert Quilty kwenye jiwe yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

"Mkono huo?" Delia akasema. "Mkono huo hautagusa jina la baba yangu. Watamlipa fundi. Wewe utasema kwa mdomo. Walituua kwa midomo."

Basi ikawa hivyo. Fundi alitoka Sligo. Kamati haikubishana tena, walikuwa wameduwaa wote. Tarehe 15 walikuja watu mia tatu au zaidi, bendi ya filimbi, watoto wa shule wameshika bendera. Upupu ulikuwa umefyekwa na jukwaa likaonekana lote. Padri alibariki. Baba akaitwa kuvuta kitambaa. Akakishika, hakukivuta. Akasema, "Fimbo ya Hubert Quilty niliichonga mimi, Dominic Gildea. Yeye alipewa. Alidhani ni ya kweli. Baba yangu aliapa uongo kwa ajili yangu." Kisha akavuta.

Shangazi, hakuna aliyepiga makofi. Bendi ilisahau kupiga. Nilimsikia mtu nyuma yangu akisema "Yesu na Maria" taratibu, na kikongwe mmoja ambaye kaka yake ni jina la pili kwenye jiwe alimpita Baba akatema mate chini. Baba alibaki amesimama. Nilikwenda nikasimama karibu naye, si kwa kumtetea, sikujua tu mahali pengine pa kwenda.

Delia alilisoma jiwe mara mbili akiligusa kwa kidole. Halafu akaja kwetu.

"Nani alimkabidhi?" akauliza. "Wewe, Dominic, uliniambia asubuhi ile ulikuwa bado umelala."

Nikamwambia ni wewe. Nilikuwa na barua yako ya Machi mfukoni, nikampa aisome. Akaisoma pale jukwaani, akairudia ile sehemu ya baba yake. Kisha akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau.

"'Akaipokea, akapanda, akaondoka,'" akasema. "Baba yangu hakuwa mtu wa kupokea kitu kimyakimya. Alizungumza hata na farasi. Alisema nini?"

Aliniambia nikuulize, na nimeahidi. Haulizi kwa ubaya. Hajui neno lolote la mwisho la baba yake, yeye alikuwa amelala baba alipotoka nyumbani, na amelijutia hilo maisha yake yote.

Alisema nini, Shangazi?

Malachy

*

Worcester
30 Agosti 1979

Malachy,

Nimekata tiketi ya ndege. Nafika Shannon tarehe 9 Oktoba na magoti yangu yote mawili. Mjukuu atanisindikiza, yule mvulana asiye na kazi atabaki huku. Usiniandalie kile kitanda.

Lakini msomee Delia barua hii kabla sijafika, ili aamue mwenyewe kama atanifungulia mlango. Sitaki aniandalie chai halafu asikie.

Ananijua kama msichana aliyetumwa. Hata kwako nimejiandika hivyo. Nilikwambia aliondoka kimya kwa sababu ninaweza kuishi na hilo.

Alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya injini. Nilimpa fimbo. Aliipokea, akaigeuza, akanitazama, akashusha mguu chini. Alikuwa mtu wa kwetu, alijua siku ile ni siku gani. Akasema, "Attracta, binti, imefikaje hapa, na leo gurudumu halizunguki?"

Angebaki. Alikuwa ameshashuka, Malachy. Alikuwa amesimama jukwaani anasubiri jibu langu, na watu wa mnada wanamwita kutoka ndani ya mabehewa aondoke, na Baba yuko mlangoni na jogoo wake. Hakuna aliyenifundisha la kusema. Lilitoka kwangu mwenyewe.

Nikamwambia, "Dominic ameifuata kwa miguu, Bwana Quilty. Ametembea tangu usiku."

Akasema, "Mungu ambariki kijana huyo." Akaniamini, akapanda.